Arobaini na Tano

Shangazi Madeje ana santuri moja.
Ndogo, kama sahani ya chai, tundu la katikati pana,
limezibwa kwa kipande cha ndala.
Lebo nyeupe. Hakuna jina la mwimbaji,
namba tu, kwa penseli, na doa
ambalo yeye anaapa lilitoka nalo Ulaya.

Aliipata Mpwapwa, mwaka wa sitini na saba,
bwana mifugo wa Kiingereza alipofungasha.
Aliuza kitanda, akauza jiko, akauza mbwa;
mfuaji nguo alikuwa anamdai miezi miwili,
akamlipa gramafoni ya betri na hii.
"Alidhani amenidhulumu," shangazi husema.
"Nikanyamaza, nisije nikamwamsha."

Mkanda ulikatika kabla ya mvua za kwanza.
Fundi Sogodi akakata mpira wa ndani wa baiskeli,
akaufunga, sahani ikazunguka
polepole,
kama punda anayejua nyumbani hakuna maji.

Ndipo akatokea yule bwana.
Sauti nzito, ya kifuani, ya mtu aliyekwisha kula,
tarumbeta nyuma yake zikiinuka kwa kujishika kiuno.
Shangazi hakujua neno hata moja.
Alinyunyiza maji sakafuni vumbi lisiamke,
akavua viatu, akacheza naye,
magoti yakikumbuka muheme, mabega yakijifunza mengine.
Wachumba walikuja, na ng'ombe wao.
Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa uji,
na usiku akawasha betri.

Nina banda la kutengeneza redio, jirani na soko la Majengo.
Mwaka jana nilipiga picha ile lebo, nikaituma huku na huku.
Siku ya tatu simu ikalia saa nane za usiku:
mzee wa Stoke, anaitwa Trevor, anahema.
Anasema zilichapwa chache, za majaribio,
kampuni ikafa kabla ya kuziuza.
Anasema ujana wake wote, kwenye kumbi za baridi,
walimwaga poda sakafuni ili viatu viteleze,
wakacheza hadi alfajiri bila pombe,
na wimbo huu waliusikia kwa kuhadithiwa tu.
Kisha akataja bei.
Nikamwomba airudie. Akadhani nimekataa, akaongeza.

Nikaona ni haki shangazi aisikie vizuri kabla haijaondoka.
Nikaichukua gramafoni hadi bandani, nikapangusa sindano,
nikaweka mkanda mpya, wa dukani,
nikapima: arobaini na tano kwa dakika, kamili.

Msichana akaruka kutoka kwenye kipaza sauti.
Msichana! Miaka kumi na saba labda, sauti ya filimbi,
ngoma zikimkimbiza, tarumbeta zikimkimbiza,
dakika mbili na nukta kumi, basi, kimya,
sindano inakwaruza.

Shangazi alikuwa amesimama, viatu mkononi.
"Huyu mtoto ni nani?"
Nikamweleza nilichoambiwa na Trevor:
alifunga biskuti kiwandani, aliimba siku moja,
Jumamosi, hakuitwa tena.
"Na bwana wangu?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama mkanda wa zamani,
kipande cha mpira chenye kiraka,
umejikunja juu ya meza kama ganda la njugu.
Miaka hamsini na kitu mwanaume yule aliishi humo.

Akaketi kwenye kreti. Nje, mtu alikuwa ananadi nyanya.
"Rudisha nyuma," akasema. "Vilevile, kwa mbio zake."
Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa,
kama anayepokea mgeni aliyekuja kueleza msiba.

"Maskini," akasema. "Kumbe alikuwa na haraka."

Kisha akavaa viatu.
"Mpe mzungu sahani yake. Fedha tutaongea.
Huo mpira nifungie kwenye karatasi."